Niliulizwa Kama Nimeumwa, Nikasema Hapana

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni baada ya kengele ya mwisho, akaniuliza kwa sauti ya chini malale, ugonjwa ule wa usingizi, huanzaje. Kaka yake, anayepasua mbao porini, amekuwa akisinzia mchana na kugombana na kila mtu nyumbani. Nilimjibu maneno machache yasiyo na maana, kisha nikaenda zangu nikiwaza yote niliyopaswa kumwambia. Ndivyo nilivyo. Jibu zuri hunijia nikiwa nimeshavua viatu. Kwa hiyo naandika. Habari za vijidudu na damu nawaachia waganga wa Serikali. Mimi nitasimulia yaliyotokea nyumbani kwangu, pamoja na yale ninayoona aibu kuyasema.

Lazima nianze na daftari. Nilipomaliza chuo na kupangiwa kufundisha hapa Tabora, mimi na mke wangu Verdiana tulipanga vyumba viwili mtaa wa Chemchem, na kabla ya mwaka kuisha akazaliwa binti yetu, Nyamizi. Mimi ni mtu wa hofu. Mtoto akilia nilihofu, akilala sana nilihofu zaidi, nikasimama juu yake kusikiliza kama anapumua. Mwishowe nikachukua daftari la shule, nikalipiga mistari kwa rula, nikaanza kuandika: jino la kwanza, siku aliyokaa bila kuegemezwa, siku aliyotambaa hadi mlangoni. Mistari miwili niliiacha wazi, yenye vichwa tu. Mmoja wa hatua ya kwanza, mwingine wa neno la kwanza.

"Baba Nyamizi," Verdiana aliniambia, "unamtungia mtoto mtihani?"

"Naweka kumbukumbu."

"Na akifeli, utamrudisha darasa?"

Mwezi wa saba shule zilipofungwa, Nyamizi akiwa na mwaka mmoja na wiki chache, tulikwenda kumtembelea baba mkwe, ambaye ni mrina asali upande wa Sikonge. Ni mwendo wa baiskeli wa asubuhi nzima. Verdiana alikaa nyuma kwenye keria. Nyamizi nilimweka mbele yangu, ndani ya tenga nililolifunga kwenye usukani na kulitandika mablanketi mpaka likawa kama kiota. Kabla ya kuondoka nililikagua tenga lile mara saba.

Mzee alitupokea uwanjani, mikono yake ikinata asali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, maana macho yake yote yalikuwa kwa mjukuu.

"Mke wangu amefika! Na huyu kijana aliyekuleta ni nani? Mwambie arudi zake mjini, mimi nimeshajenga nyumba."

Tulikaa siku tatu. Nyamizi alionja asali mpya kwenye kidole cha babu yake, akakunja uso, kisha akakishika kidole kile asikiachie. Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa amesimama akishikilia mzinga mpya wa gome uliolazwa uwanjani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa ng'ambo ya pili. Akanitazama, akaachia mikono, akaja. Hatua tatu, na ya nne ilikuwa kuniangukia kifuani.

Babu yake akapiga makofi. "Ameniacha mimi mwenye asali, amemfuata mwenye chaki!"

Niliandika usiku uleule: hatua ya kwanza, amekuja kwangu. Sijui kwa nini niliongeza maneno hayo mawili. Sasa ndiyo yanayoniuma kuliko yote yaliyomo katika daftari lile.

Tuliporudi ilikuwa jua kali, na ndorobo walitoka msituni wakatufuata. Asiyewajua ndorobo aelewe kwamba ni nzi wakubwa wa kahawia, wanaokunja mbawa kama mkasi, hupenda kitu kinachokwenda, na ndio waletao malale. Nilisimamisha baiskeli, nikavua shati langu, nikalifunika tenga lote ili wasimguse mtoto. Nikaendesha mgongo wazi. Verdiana alivunja tawi la majani akawa ananipiga nalo mgongoni kuwafukuza, lakini mkono ulichoka, na mahali pengine ilimbidi anishike kwa mikono yote miwili. Niliumwa mara tatu, labda nne. Nilizihisi zote.

Kila anayeingia mjini kwa njia ile hupita kwenye kizuizi cha ndorobo. Kuna mti umelazwa barabarani, kibanda cha nyasi, na mlinzi mwenye wavu mdogo anayekagua baiskeli na migongo ya watu ili nzi wasiingie nao mjini. Alimkamata mmoja chini ya keria, akamponda kwa kucha. Nilikuwa nimeshavaa shati. Kisha akachukua kitabu chake.

"Mwalimu, umeumwa njiani?"

Hapo ndipo niliposimama nikiwaza. Nilijua kwamba anayesema ndiyo huandikwa jina, akaambiwa aende hospitali wiki baada ya wiki akatobolewe kidole, damu ipimwe. Nikawaza kwamba nikiandikwa mimi, na mtoto ataandikwa. Nikaviona vidole vyake, vidogo kama karanga, vikitobolewa kila wiki. Nikawaza pia, sitaficha, kwamba mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa darasa la sita habari za ndorobo, na nitaonekanaje. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa na shati."

Verdiana alinitazama. Hakusema kitu, kwa kuwa mke hamsuti mumewe mbele ya mtu wa Serikali. Amenieleza baadaye kwamba ule ukimya wake umemkosesha usingizi kuliko ugonjwa wangu wote. Nimemwambia kosa ni langu. Anajua, lakini haimsaidii.

Siku chache baadaye nilitokwa na uvimbe mgongoni, chini ya bega, mahali nisipoweza kupaona. Verdiana akauliza, "Hili jipu?" Nikajibu ni jipu. Kila jioni nilikuwa namvua Nyamizi nguo karibu na taa, nikampapasa shingo na kumkagua ngozi inchi kwa inchi, nikaandika daftarini: hana kitu. Mgongo wangu mwenyewe sikumwomba mtu autazame tena.

Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Nikameza vidonge vya malaria kama kila mtu. Kisha usingizi ukageuka. Usiku nilikaa macho nikihesabu mabati ya paa, na mchana nilisinzia nimesimama ubaoni, chaki mkononi, wanafunzi wakicheka kwa kuziba midomo. Uso ulinivimba asubuhi. Vidole vilitetemeka. Suruali nilianza kuifunga kwa kamba ya katani. Na kulikuwa na jambo moja ambalo ningependa mwenzangu amuulize kaka yake. Nikigonga mkono kwenye mlango, hata kidogo tu, maumivu hayakuja palepale. Yalikuja baada ya kitambo, na yakawa makali mno kuliko kitu chenyewe.

Lakini kilichobadilika zaidi ni tabia. Mimi niliyekuwa nikiomba radhi hata kwa kuku nikawa mtu wa kufoka. Chumvi imezidi, nafoka. Mlango umelia, nafoka. Verdiana alidhani nimeanza kunywa. Alininusa. Asiponusa pombe akadhani kuna mwanamke.

"Ni nani?" aliniuliza siku moja. "Ni yule wa Kanyenye anayewashonea sare?"

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, kisha katikati ya kicheko nikalala.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Ilikuwa Jumamosi. Verdiana alikwenda bombani kuchota maji, akaniachia mtoto. Nililala kitandani mlango ukiwa wazi. Nyamizi alikuwa anatembea vizuri sasa, akishikashika kila kitu. Alikuja na mikono yenye uji, akanipiga usoni kwa viganja, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi tangu azaliwe, akitaka niamke nimfanyie sauti ya ng'ombe. Maumivu yalikuja kwa kuchelewa kama kawaida yake, yakanijaa kichwa chote.

"Toka!" nilipiga kelele. "Toka! Toka!"

Na nikamsukuma.

Aliangukia pembe ya kigoda. Alipasuka juu ya jicho la kushoto, jeraha dogo tu, lakini damu ya kichwani huwa nyingi. Verdiana alipoingia na ndoo alimkuta mtoto anavuja damu sakafuni na mimi nimeshalala tena. Hilo la kulala tena nimeambiwa. Silikumbuki, na kutolikumbuka si kujitetea.

Alimwosha mtoto, akafunga nguo zake kwenye khanga, akanikalisha kwa nguvu. "Nimeolewa na mwalimu," alisema. "Wewe sikujui. Kesho nakwenda kwa baba."

Hakwenda, maana kesho yake baba yake ndiye aliyefika, amepanda lori la tumbaku na debe la asali la kupeleka sokoni. Tulikaa kula. Mzee alinitazama nikilishika tonge la ugali hewani, macho yakifumba, tonge likianguka. Alinawa mikono, akaja nyuma yangu, akanivua shati kama anavyovuliwa mtoto.

Kovu jeusi la lile jipu lilikuwa bado lipo.

"Verdiana," alisema taratibu, "kule porini mimi nimezika wenzangu wawili wenye alama hii." Kisha akainama usoni kwangu. "Mkwe, pale kizuizini walikuuliza. Uliwajibu nini?"

Sikuweza kumdanganya mkwe wangu. Nikamwambia.

Nilitegemea anitukane. "Warina asali hatujui kusoma," akasema, "lakini tukiulizwa tunasema."

Jioni ileile alinipeleka hospitali ya Serikali, akinishika kiwiko kama mlevi. Tulingoja kwenye benchi la nje mpaka kesho yake saa nne. Mabenchi yale nayajua sasa. Kuna mama aliyekuja na kuku chini ya mkono akidhani atahitaji kumpa mtu. Kuna mzee aliyeacha baiskeli mlangoni, akawa kila baada ya dakika chache anainuka kuigusa. Unajifunza kutotazama mlango, kwa kuwa ukiutazama haufunguki.

Walichukua damu, kisha wakachukua maji ya mgongoni. Aliyenishika nisitikisike alikuwa dresa wa wodi, msaidizi wa waganga, Bwana Salumu, Mzaramo wa pwani, mwenye mikono mizito na mdomo usiopumzika. Aliposikia kabila langu alifurahi kama aliyeokota kitu, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara.

"Kunja magoti, Mnyamwezi. Jikunje kama uko tumboni mwa mama yako. Babu zako walibeba pembe za tembo kutoka hapa mpaka kwetu pwani, miguu mitupu. Wewe sindano moja tu unatetemeka?"

"Na nyinyi," nilisema meno yakigongana, "mlikaa kivulini mnawangoja muwauzie maji."

"Ehe! Huyu hafi," akamwambia daktari. "Bado ana matusi."

Mtu asiyejua utani angeona ni ukatili. Kwangu ilikuwa rehema ya kwanza. Ndugu zangu walipoingia walinong'ona kama niko ndani ya sanda tayari. Salumu peke yake alinisema vibaya kama mtu aliye hai.

Sindano zilikuwa za mshipani. Zile za mwanzo zilivumilika. Zilizofuata ziliuwasha mkono mzima, kutoka kiwiko hadi shingoni, na mdomo ukajaa ladha ya chuma. Walinidunga siku kadhaa, wakanipumzisha, wakanidunga tena. Duru ya kwanza ilikwisha vumbi likiwa bado linaingia madirishani. Ya pili ilianza na mvua za kwanza. Ya tatu, maembe yalikuwa yameiva na wagonjwa walikuwa wakigombania kokwa. Katikati ya duru ya pili nilizidiwa, nikawa siwatambui watu siku nne. Nimeelezwa kwamba nilisahihisha madaftari ya wanafunzi hewani, na wote niliwapa sifuri.

Nilipopata fahamu nilimtaka mtoto. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo Verdiana alimleta dirishani upande wa nje, akamnyanyua. Sikuwa nimemwona kwa wiki sita. Alikuwa ameota magego, nywele zimenyolewa, na juu ya jicho la kushoto palikuwa na mstari mwembamba wa ngozi mpya. Nilijiburuta hadi dirishani. Uso wangu ulikuwa umevimba, nywele zimepukutika. Nikapitisha vidole kwenye nondo.

"Nyamizi," nikasema. "Mama. Ni baba."

Alinitazama kwa makini, kama anayetafuta mahali pa kuniweka. Kisha akanyoosha mkono wake mdogo, kiganja mbele.

"Toka," alisema.

Lilitoka wazi, kila sauti mahali pake. Verdiana alimshusha upesi.

"Anawaambia hivyo hata kuku," alisema, sauti yake ikipanda. "Analisema kwa kila kitu, Baba Nyamizi. Ni mchezo."

"Alianza lini?"

Alimfunika mtoto kichwa kwa khanga.

"Kuna neno jingine alilisema kabla ya hilo?"

"Mvua itaninyeshea," alisema Verdiana, akaondoka naye.

Salumu alikuwa ameyasikia yote akikunja mashuka. Nilidhani mara hii atanyamaza. Hakunyamaza.

"Mtoto ana akili. Kitanda chako kinangojewa na watu watatu, amekuja kukuambia utoke." Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakulifanya kabla. "Sikiliza, mtani. Mimi nimekwambia mabaya mwezi na nusu na hujanichukia, kwa sababu nipo hapa kila asubuhi. Na wewe nenda ukawepo kila asubuhi. Usimlazimishe kukupenda. Kaa tu mahali anapokuona."

Ushauri wa maana ni huo tu niliopata katika ugonjwa wangu, na ndio ninaompa kila anayeniuliza.

Nilitoka mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Mguu wa kulia haukurudi sawasawa, na baiskeli siipandi tena. Nyumbani nilikuta Verdiana ameendeleza daftari kwa mwandiko wake mkubwa: magego, kuachishwa ziwa, siku aliyopanda kitanda mwenyewe, siku aliyocheza mvua akaugua mafua. Nusu ya mambo ya mtoto wangu nimeyasoma kama habari za mtoto wa mtu mwingine. Mstari wa neno la kwanza ulikuwa wazi.

"Andika 'baba'," Verdiana aliniambia. "Nani atajua?"

"Nimeshasema uongo mmoja kwa ajili yake," nikajibu. "Unaona ulikotufikisha."

Aliinama juu ya jiko muda mrefu. "Na mimi nilikuwa nyuma yako kwenye keria," alisema. "Nilizihesabu. Zilikuwa nne."

Tulilia siku hiyo, kila mtu upande wake wa jiko, na tangu siku hiyo tumeweza kuzungumza.

Nyamizi hakuja kwangu. Nilifuata ushauri wa Salumu. Kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda kilekile, mahali palepale, nikila michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, nikaacha vipande viwili ukingoni mwa sahani. Baada ya wiki tatu alianza kuvichukua. Alikuja akitazama pembeni, akanyakua, akakimbia. Nikinyoosha mkono, alirudi nyuma. Nikijisahau nikakohoa kwa nguvu, alijificha nyuma ya mama yake, akagusa kovu lake. Pengine aligusa tu. Mimi ndiye ninayewaza.

Mwezi wa saba tulikwenda tena kwa babu, safari hii kwa lori. Mzee alimpokea vilevile, "Mke wangu amefika," na mimi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Siku ya kurudi, ndorobo waliingia ndani ya lori kama walioalikwa. Nyamizi alikuwa mapajani mwa mama yake, amefunikwa khanga hadi miguuni. Niliumwa. Nilizihisi.

Kizuizini abiria wote tulishushwa, tukapangwa mstari. Mlinzi alikuwa yuleyule, mwenye wavu uleule. Alinitambua, akaitazama fimbo yangu ya kutembelea, akakiinamia kitabu.

"Mwalimu, umeumwa njiani?"

"Nimeumwa," nikasema. "Mara mbili, labda tatu. Niandike. Mke wangu na mtoto waangalie pia." Nikavua shati mbele ya watu wote, nikampa mgongo. "Na hapa paangalie mwenyewe, mimi sipaoni."

Alinikagua taratibu. Nilisikia nzi akivuma karibu na bega, wavu ukipita hewani, ukikosa. Kisha nikasikia hatua ndogo kwenye vumbi, na Verdiana akisema, "Mwache, mwache," sijui akimwambia nani. Kitu kikanigusa kiunoni. Yalikuwa majani. Tawi dogo lenye majani, linalopigwa bila nguvu na mkono usiofika juu.

"Toka," alisema Nyamizi nyuma yangu, akipiga. "Toka! Toka, nzi!"

Abiria walicheka. Sikugeuka. Nilijua kwamba nikigeuka atauona uso wangu, na sikujua atafanya nini akiuona. Aliendelea kupiga, kisha tawi likaanguka, na kiganja chake kikabaki mgongoni kwangu, kimetulia, kina jasho.

"Basi, Mwalimu," alisema mlinzi. "Nimemaliza. Geuka uvae shati."

Nikamwomba angoje kidogo.